Binti niliyemlea yuko chuoni Unguja na anashinda na njaa: nifanye nini?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Wete. Nimemlea binti mmoja tokea ana miaka sita, nilimchukua kwenye nyumba ya kulelea watoto. Sasa ana miaka 20, yuko mwaka wa pili chuoni Unguja na anakaa dahalia. Aliporudi likizo nilimwona kakonda. Shoga yake akaniambia kwa siri kuwa anakula mara moja kwa siku, na siku nyengine anasema amefunga. Hayuko peke yake. Wapo wenziwe waliokulia kwenye nyumba za watoto wana hali hiyo hiyo. Penshen yangu ni ndogo. Mjukuu wangu amenisomea kuwa vyuo vya Marekani vina ghala la chakula linalowasaidia vijana waliolelewa nje ya wazazi wao. Mimi na wenzangu wa kikundi cha hisa tunataka kufanya kitu. Tuanzishe ghala kama hilo? Na nimsaidie vipi bila ya kumuaibisha?

Jibu:

Shikamoo Mwalimu. Kilichonishika zaidi katika barua yako ni pale uliposema kuwa siku nyengine binti anasema amefunga. Katika dahalia zetu hakuna stara ya njaa kubwa kuliko saumu ya sunna. Jumatatu na Alkhamisi hakuna atakayekuuliza kwa nini huendi kula, na wala huonekani masikini, unaonekana mchamungu. Wapo wanaofunga kwa ibada yao, Mungu awatakabalie. Lakini kijana ambaye saumu zake huzidi muhula unapokaribia kwisha, na jioni hana cha kufuturia ila chai ya rangi na kipande cha boflo, huyo anaficha kitu. Shoga yake amefanya jambo la maana kukwambia. Usimtaje.

Jibu langu fupi ni kuwa msianze na ghala. Njaa ya vijana hawa haiji kila siku ya mwaka. Ina nyakati zake, na nyakati hizo zinajulikana mapema. Kikundi chenu kikizijua hizo, pesa kidogo mlizonazo zitafanya kazi kubwa. Mkizikosa, hata mkijaza mchele chumba kizima, binti atalala na njaa siku ile ile aliyolala nayo mwaka jana.

Angalia yanayowapata wanafunzi wote kwanza. Hata mwenye wazazi wake wawili Konde au Kengeja huishiwa. Bumu, yaani pesa ya mkopo wa masomo, likichelewa kila mtu anapiga pasi ndefu: anakula saa nne asubuhi, chakula chengine mpaka usiku, na wengine wanapiga deshi moja kwa moja, hawali kabisa. Tofauti inaanzia hapo. Mwenye kwao anapiga simu. Baba anamtumia elfu kumi, shangazi anayekaa Mwanakwerekwe anamwita Jumapili aje kula wali, na boti inayotoka Mkoani inamletea polo lenye majimbi, ndizi, nazi na ng'onda. Wala hakuna anayeuita huo msaada. Ni nyumbani tu. Aliyekulia kwenye nyumba ya watoto hana wa kumpigia. Au anaye mmoja, kama binti yako alivyo na wewe, na huyo mmoja anamwonea haya.

Haya hizo, Mwalimu, naomba uzielewe vizuri, kwa sababu ndizo zinazomtesa mwanao kuliko penshen yako. Mtoto wa kulea huhesabu. Tokea mdogo anajua kuwa alichopewa angeweza kukikosa, na kila anapopewa anajiambia kuwa huyu amenifanyia mengi, nisimzidishie. Mtoto wa kuzaliwa akishikwa na njaa anadai, na hata ananuna akicheleweshewa. Wa kulea ananyamaza. Ukimpigia ukamuuliza, "Umekula?" atakujibu, "Nimekula mama, usijali." Kwa hiyo usimuulize tena swali hilo. Muulize kitu chenye jibu: jana usiku ulikula nini, na leo mchana? Atajikwaa kwenye jibu la pili.

Kuna na jambo la umri. Sheria yetu ya Mtoto, Namba 6 ya 2011, inamhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18, na inaitambua kafala, yaani kumlea mtoto asiye wako bila ya kumbadilisha nasaba, kuwa njia mojawapo ya malezi. Ni sheria nzuri. Lakini kijana akitimiza miaka 18, macho ya serikali juu yake yanalegea. Katika fiqhi nako uyatima unakwisha kwa kubaleghe. Kwa hiyo anapoingia chuoni si mtoto tena kwa sheria, si yatima tena kwa dini, na wale wafadhili waliokuwa wakija na magunia na kamera kila Ramadhani wanaendelea kwenda kule kule alikotoka, kwa wadogo zake. Hakuna aliyekusudia kumwacha. Ila kila mmoja anadhani yuko kwa mwengine. Inaniuma, kwa sababu ni umri huo huo ambao mama zetu walikuwa bado wanatuwekea sahani yenye kawa tukichelewa kurudi.

Sasa Marekani, maana umeiuliza. Ghala hizo zipo kweli, na si za jana. Ile ya Michigan State University ilianzishwa na wanafunzi wenyewe mwaka 1993, na leo vyuo vingi vinazo. Hata hivyo ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya serikali yao iliyotoka 2024 ilikadiria kuwa mwaka 2020 wanafunzi wa vyuo asilimia 23, karibu milioni 3.8, hawakuwa na uhakika wa chakula. Msaada wa chakula wa serikali, unaoitwa SNAP, kwa kawaida haumpi mwanafunzi anayesoma nusu ya muda au zaidi mpaka atimize sharti jengine, kama kufanya kazi saa 20 kwa wiki. Mwaka 2023 sheria iliwaondolea vijana waliotoka kwenye malezi ya serikali, mpaka wafike miaka 24, ukomo wa miezi mitatu wa kupokea msaada huo unaomkabili mtu mzima asiye na kazi. Mwaka 2025 sheria nyengine ikaufuta msamaha huo. Walipewa, na baada ya miaka miwili wakanyang'anywa.

Kwa hivyo ghala peke yake halikuwatosha hata wao. Yaliyosaidia zaidi ni mengine: tangu sheria ya 2008 majimbo yanaweza kuendelea kuwalea vijana hao mpaka miaka 21, ipo vocha ya masomo ya hadi dola 5,000 kwa mwaka, na California ina sheria inayowapa kipaumbele katika nyumba za chuo, zikiwemo zinazobaki wazi wakati wa likizo. Hili la likizo lishike, nitalirudia. Na kipo kimoja kilichonivutia kuliko ghala, mpango ulioanzia chuo kikuu cha UCLA mwaka 2010, ambapo mwanafunzi hutoa milo yake aliyokwisha kuilipia ili itumiwe na mwenziwe asiye nacho. Anayekula anakaa meza zile zile na wenziwe, anakula chakula kile kile.

Nyinyi mnaweza kulifanya hilo kwenye vyuo vya Tunguu au Vuga bila ya kompyuta wala kadi. Karibu na kila chuo kuna mama lishe mwenye daftari la wanaokula kwa mkopo. Mtafuteni mmoja mwenye siri, mumlipe mbele chakula cha mchana cha wiki nne, na kwenye daftari jina la kijana liandikwe kama la mteja mwengine yeyote aliyekwisha kulipa. Kijana anafika, anakula wali na maharage, anaondoka. Hakuna foleni ya mayatima, hakuna kibao mlangoni. Ghala lenye kibao linamsaidia aliyekwisha kuvunja haya zake, na binti yako bado hajafika huko. Tena kuna tabu ya jikoni: pale dahalia inapokataza kupika chumbani, mchele mbichi haumshibishi mtu. Utauzwa kwa nusu bei ili apate nauli.

Nyakati zenyewe ni hizi. Ya kwanza ni wiki za mwanzo wa mwaka wa masomo, kabla pesa za mkopo hazijaingia. Mwanafunzi anafika chuoni ana deni la usajili, hana godoro, hana ndoo, na kila kitu kinatoka kwenye pesa ya kula. Kijana asiye na kwao anaanzia kwenye shimo, na bumu likija nusu yake inakwenda kulipa alichokopa. Tena bumu huja kwa mkupuo. Mtu ambaye maisha yake yote chakula kilipikwa jikoni kwa pamoja, kengele ikalia akaenda kula, hajawahi kushika pesa ya miezi miwili mkononi na kuigawa. Nyumba nyingi za watoto zinalea vizuri kwa kila kitu ila hili. Huyo si mbadhirifu. Hajafundishwa.

Ya pili ni wiki za mwisho kabla ya mitihani, pesa imekwisha na muda wa kutafuta kibarua haupo. Hapo ndipo njaa inapoharibu cheti. Mtu asiyekula mchana anasoma ukurasa mmoja mara tatu na hakumbuki kitu, anasinzia maktaba, kichwa kinamgonga. Mwalimu wake anadhani ni mvivu.

Ya tatu ni likizo, na kwa wasio na mlezi hii ndiyo kubwa kuliko zote. Dahalia inafungwa, wenzake wanapanda boti, yeye anauliza aende wapi. Kwenye nyumba aliyolelewa kitanda chake kimeshapewa mtoto mwengine, kwa haki kabisa. Atalala kwa rafiki wiki moja, kwa mwengine siku nne, na kila anapolala anajizuia kula sana ili asichokwe. Kwa wasichana hatari yake ni kubwa zaidi. Mwenye chumba na sahani anaweza kudai malipo yake, na madai yenyewe unayajua. Ndiyo maana nakwambia kuwa njaa ya msichana aliye peke yake mjini ni jambo la ulinzi, si la lishe tu.

Ramadhani naitaja kwa ufupi. Futari haina shida, misikiti na majirani wanafuturisha, Alhamdulillah. Shida ni daku, kisha Shawwal, ambapo ukarimu wote umekwisha kwa mpigo.

Sasa kikundi chenu. Wanawake 20, kila mmoja akitoa shilingi 1,000 kwa wiki kwenye mfuko wa jamii, mnapata 20,000 kila wiki. Msiikusanye mkampa mtu 80,000 mwisho wa mwezi. Itumwe kwa simu kila Ijumaa asubuhi, kiasi kile kile, na atumaye awe yule yule, bila ya kuombwa na bila ya maelezo. Ukubwa wa pesa una umuhimu mdogo kuliko kujua kwamba itakuja. Kijana anayejua kuwa Ijumaa kuna kitu hakopi kwa riba Jumatano, na wala hamkubalii mtu asiyemtaka. Nakushauri muanze na vijana wawili, msizidi, mwende nao mpaka wamalize. Kikundi kilichoanza na kumi kikaacha kumi katikati ya mwaka kimewaumiza, maana hao wameshaachwa mara moja katika maisha yao. Najua baadhi ya wenzako wanaishi kwa penshen jamii, iliyoanza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70 na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Bibi wa namna hiyo asichangishwe kama wengine. Atoe sufuria yake, au aje na nazi mbili kutoka mtini kwake, na ihesabike.

Kapu la boti lisikosekane hata kama pesa inatumwa. Kwa aliye dahalia lijazeni visivyohitaji moto: karanga za kukaanga, kashata, tende, mikate ya kumimina ya kula siku mbili za mwanzo, dagaa wa kukaanga waliokauka vizuri, ndimu, na unga wa uji kama kuna pa kuchemshia maji. Wasichana wengi wa umri wake damu inapungua, na dagaa na maharage vinasaidia kuirudisha, hasa vikiliwa na ndimu. Chai aikalishe mbali na chakula, kwa sababu inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Na kapu liwe kubwa kidogo kuliko haja yake ili awape na wenziwe. Kijana aliyezoea kupokea tu anatengenezeka heshima yake siku anapogawa.

Baada ya pesa na kapu, kikundi kitafute nyumba moja mjini. Katika wanawake 20 wa Wete hakosekani mwenye dada au mkwe Unguja, Jang'ombe au Magomeni au Fuoni. Mumuombe dada huyo mambo mawili tu: chakula cha mchana kila Jumapili, na mahali pa kulala likizo fupi. Binti mwenyewe aje Pemba likizo ndefu, na kama wale wenziwe wa nyumba ya watoto hawana pa kwenda, kila mmoja apate nyumba moja, ile ile kila mwaka, na si kuzungushwa. Kwa msichana, mlezi wa nyumba awe mwanamke, na wewe uwajue waliomo ndani kabla hajalala hapo hata usiku mmoja. Ningelazimishwa kuchagua kimoja kati ya pesa, kapu na nyumba ya Jumapili, ningechagua nyumba. Mtu anayekuona kila wiki, huwezi kukonda mbele ya macho yake asijue sababu.

Kuhusu zaka, wengi hudhani kuwa kwa kuwa si yatima tena basi hana haki. Mafungu manane yaliyotajwa katika Sura ya Tawba yanaanza na mafakiri na masikini, na kijana asiye na kipato wala mtu wa kumlisha anaingia humo kwa ufakiri wake. Na kwa kuwa kafala haibadilishi nasaba, suala la kama wewe mwenyewe unaweza kumpa zaka yako lina jibu lake la kifiqhi. Muulize sheikh wa msikiti wako, umueleze hali yote. Zakatul fitri nayo isisahaulike: pishi kumi za mchele zikifika kwenye nyumba ile ya Jumapili zinalisha vijana wiki nyingi. Ofisi ya Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana inashughulikia zaka pia, na ombi la kikundi lenye barua ya sheha lina uzito kuliko la mtu mmoja aliyekwenda kulia shida.

Makaratasi yanachosha lakini yanalisha. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ina tangazo na masharti ya kila mwaka, na kijana aliyeokotwa au kuachwa hukwama pale anapotakiwa kuonyesha vyeti vya vifo vya wazazi asiowajua. Anayekwama kwenye fomu hulala na njaa mwaka mzima. Kwa hiyo cheti chake cha kuzaliwa kithibitishwe mapema kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na kwa suala la wazazi apate barua ya Ustawi wa Jamii inayoeleza alivyolelewa na nani aliyemlea. Faili hilo liko kwenye nyumba aliyotoka au kwenye ofisi ya wilaya. Liombeni sasa, kabla waliomjua hawajahamishwa au kustaafu. Kwa wadogo zake walio kidato cha tano na sita, lifanyike kabla hawajamaliza skuli.

Umeuliza pia umsaidie vipi bila ya kumuaibisha. Usimwambie kuwa umeambiwa. Mwambie kuwa kikundi kimeamua kuwatumia wanafunzi wake pesa ya Ijumaa, na yeye ni mmojawapo, na kwamba hutaki hesabu ya alivyoitumia. Kisha mpe kazi: wakati wa likizo awaandikie daftari la hisa, maana wengi wenu mnahitaji mtu wa kuandika vizuri, au awasomeshe wajukuu hesabu. Si kwa ajili ya kulipa. Mtoto aliyelelewa hutulia akiona naye anahitajika.

Limebaki moja, nalo lisifanyike bila ya ruhusa yake. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi chuoni inaweza kumsaidia kubaki dahalia wakati wa likizo au kupata kibarua cha maktaba, lakini mpaka ijue hali yake. Muulize kama anataka uwaandikie, umsomee barua yenyewe kabla ya kuituma, na aondoe kila neno asilolipenda kuhusu alikotoka. Akikataa, isiandikwe. Mengine yote niliyokueleza yanaweza kufanyika bila ya chuo kujua.